Nani Ameleta Mvua ya Mawe?

Nataka kuandika habari ya swali moja ambalo kila mtu akaaye milimani amelisikia, wala si ajabu akawa ameliuliza mwenyewe. Mvua ya mawe ikiisha kupita, mahindi yamelala chini na mabati yametoboka, watu hutoka nyumbani, huyatazama mashamba yao, hunyamaza kidogo, kisha mmoja husema, "Nani ameleta haya?" Hasemi, "Ni nini?" wala "Yametokaje?" Husema, "Nani?"

Nalilisikia kwetu mwezi wa Desemba, katika kijiji kilicho juu katika milima ya kusini ya Tanzania. Asubuhi ile jua lilikuwa kali, hata watu wa viazi wakaacha jembe mapema. Ilipofika saa tisa mchana wingu likasimama juu ya kilima, jeusi, na upande wake wa chini una rangi ya majani mabichi. Likatoka vumo kama gari lipitalo darajani. Kwanza mawe yalikuwa kama punje za maharage, halafu kama mayai ya njiwa. Haikuchukua hata robo saa. Watoto wakatoka na mabakuli kuokota barafu.

Mawe yale yalipita kama kwamba yana njia yao. Ukisimama penye shule uliona mstari: upande huu shamba limesagwa kama lililopigwa kwa fimbo, na upande wa pili majani yanameta, hayakuguswa. Katika mstari ule ilikuwamo nyumba ya bibi mmoja, mjane, akaaye na mjukuu wake. Bati zake saba zilitoboka. Mifereji ya bati ikajaa barafu, maji yakakosa njia, yakarudi ndani ukutani. Na ukuta ule ni wa matofali mabichi. Saa nane za usiku, mvua imekwisha kukoma zamani, ukuta wa magharibi ukaanguka, ukamvunja bibi mkono. Na ng'ambo ya kijito yuko mzee mmoja ambaye wamegombana naye kwa habari ya mpaka tangu mwaka uliotangulia. Kwake halikutoboka hata bati moja.

Msomaji aweza kukisia yaliyofuata. Kulipokucha hapakuwa na mtu aliyetaja jina, lakini kila mtu alitazama ng'ambo ya kijito. Jioni jina likatajwa. Siku ya pili watoto walipokwenda kuteka maji walikizunguka kisima chake, wakaenda cha mbali.

Sitaki kuwacheka watu hao, maana nimewajua tangu utoto wangu, nao si wajinga. Tena swali la "nani" lina sababu yake. Mtu aliyepoteza mavuno ya mwaka katika robo saa huona kwamba amedhulumiwa. Na palipo na dhuluma hapana budi pawe na mdhalimu. Kumwambia kwamba hapana mtu aliyefanya hayo ni kama kumwambia kwamba kilio chake hakina pa kupelekwa. Wasomi wengi hufika kwa mfiwa na maneno yao ya elimu, humwambia "Hii ni hali ya hewa tu," kisha huenda zao wakidhani wamemsaidia. Hawakumsaidia. Wamemnyang'anya mshtakiwa, wala hawakumpa kitu badala yake.

Wengine hudhani kwamba swali hili ni la Waafrika peke yao. Si kweli. Tarehe 3 Agosti mwaka 1562 mvua kubwa ya mawe ilianguka katika nchi ya Württemberg, kusini ya Ujerumani, na katika miji ya jirani. Mizabibu na nafaka zikaharibika. Watu wakauliza swali lile lile, nao wakapata jibu lile lile. Katika mji mdogo uitwao Wiesensteig wanawake wakakamatwa, wakateswa hata wakakiri, wakachomwa moto. Na kijitabu kilichopigwa chapa mwaka 1563 kinataja watu 63 waliouawa hivyo. Nchi ile mtawala wake alikuwa ameingia katika Matengenezo ya Kanisa miaka michache kabla ya hapo. Nasema haya wazi, kwa sababu jina la Kilutheri halikuwazuia watu kuwasha kuni.

Katika mji wa Stuttgart mambo yalikwenda vingine. Alikuwako mchungaji Johannes Brenz, mmoja wa viongozi wa Matengenezo katika nchi ile. Tangu mwaka 1539, alipokuwa Schwäbisch Hall, alikuwa amekwisha kuhubiri juu ya mvua ya mawe, akafundisha kwamba mwanamke mwenye chungu na dawa hana uwezo wa kuamuru mawingu. Shetani, alisema, huona tufani inakuja, humchochea yule mwanamke kuroga, kisha tufani ikija yule mwanamke hujidhania ameileta yeye. Baada ya mawe ya mwaka 1562 fundisho hili lilihubiriwa tena katika Stuttgart.

Ni fundisho lililookoa watu, nami namheshimu aliyelitoa. Walakini Brenz alifika nusu ya njia akasimama. Alisema mwanamke huyo hakuleta mawe. Lakini alisema pia kwamba kwa kuwa alitaka kuyaleta, adhabu yamstahili. Mwaka 1565 tabibu mmoja, Johann Weyer, aliyekuwa akimtumikia mtawala wa Kleve, alimwandikia barua kumpinga. Yawezekanaje, aliuliza, kumwua mtu kwa tendo ambalo mwenyewe wakiri kwamba hakulitenda, tena lisilowezekana kutendwa? Brenz hakugeuka. Mimi naona kwamba katika jambo hili tabibu alikuwa na haki kuliko mchungaji, wala sioni haya kuyaandika haya katika gazeti la kanisa.

Basi nusu ile ya njia ndiyo tuliyosimama wengi wetu hata leo. Mkristo ataungama kwa kinywa kwamba mawingu hayana bwana ila Mungu. Lakini kuhusu mzee wa ng'ambo ya kijito atasema, "Ndiyo, hakuleta mawe; ila moyo wake si mwema, alifurahi." Na kwa neno hilo "alifurahi" mzee huachwa peke yake. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza wazee wanawake wengi wameuawa kwa kushutumiwa uchawi, wengine kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupika miaka hamsini. Hayo hayakuanza kwa panga. Yalianza kwa kuzunguka kisima.

Sasa yafaa tujue mawe hutokaje, maana ujuzi huu una kazi katika hoja yangu. Jua likipasha nchi, hewa ya joto yenye unyevu hupanda kwa nguvu, na mvuke wake hugeuka kuwa matone. Katika nchi zetu, ukifika urefu wa kama mita 4,500 hata 5,000 juu ya bahari, baridi ni ya kugandisha maji. Lakini matone yaliyo safi hayagandi mara moja. Hukaa maji ingawa baridi yao imepita kiasi cha kuganda. Yakigusa chembe ya barafu hugandamana nayo papo hapo. Upepo upandao huishika chembe ile juu, nayo huongezeka tabaka juu ya tabaka. Ukilipasua jiwe moja kwa kisu waweza kuona mizunguko, mmoja mweupe na mmoja wa kioo, kama kitunguu. Jiwe likiwa zito hata upepo usiweze kulishika, huanguka. Lililo kubwa kupita yote yaliyopimwa lilianguka katika kijiji cha Vivian, South Dakota, Marekani, tarehe 23 Julai 2010. Upana wake ulikuwa sentimita 20.

Kwa hiyo utaona sababu ya watu wa Dar es Salaam na Unguja karibu wasiijue mvua hii. Mawingu yao nayo yana barafu juu. Lakini jiwe lishukalo hata pwani hupita mita elfu nne na zaidi katika hewa ya joto, likayeyuka njiani na kuwa tone la kawaida. Aliye mahali pa urefu wa karibu mita 2,000, kama Njombe au Kericho, yuko karibu na barafu ile kwa nusu ya safari. Kericho na Nandi Hills, katika Kenya, zahesabiwa miongoni mwa mahali pa dunia panapopigwa na mawe mara nyingi kabisa. Huko upepo wa Ziwa Victoria hupanda alasiri ukakutana na upepo wa mashariki juu ya nyanda za chai, na mawingu huinuka pale pale karibu kila siku katika majira yake.

Na ule mstari penye shule? Ni hivyo hivyo. Shina la upepo upandao ndani ya wingu ni jembamba kuliko wingu lenyewe, nalo hutembea pamoja na wingu. Kwa hiyo mawe huanguka kwa ukanda, pengine upana wake ni mwendo wa dakika chache. Mvua hunyesha kwa wote, mawe kwa wachache. Mzee wa ng'ambo ya kijito alisalimika kwa sababu nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili nje ya ukanda.

(Wako waliofikiri kwamba maadamu si mchawi, basi wingu lenyewe lipigwe. Mwaka 1896 mkulima wa mizabibu Albert Stiger, meya wa mji wa Windisch-Feistritz katika Steiermark, alisimamisha mizinga mirefu kama tarumbeta, akafyatua moshi kuelekea mbinguni. Miaka ya kwanza mawe hayakuanguka, na mizinga ikaenea kwa maelfu katika Austria na Italia. Serikali zilipofanya majaribio ya kweli, mawe yakaanguka juu ya mizinga na wapigaji wake. Makampuni ya chai ya Kericho nayo yalijaribu tangu miaka ya 1960 kwa roketi na kwa ndege zenye dawa ya kuingizwa mawinguni. Haya si ya mtu mwenye ekari moja.)

Nimefika penye jambo lenyewe. Watu hudhani kwamba elimu ikiisha kumwondoa mchawi, swali la "nani" limekwisha. Mimi nasema halikwisha, limehama tu. Nalo limehamia karibu nasi kuliko tupendavyo.

Fikirini habari ya Mwakata, katika wilaya ya Kahama. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua kubwa yenye mawe na upepo ilikipiga kijiji hicho na majirani zake. Watu zaidi ya 40 walikufa. Wengi katika hao hawakuuawa na mawe. Waliangukiwa na kuta za nyumba zao za udongo walimokuwa wamekimbilia. Basi nani aliwaua? Hakuna mchawi. Wala sitasema ni wao wenyewe, kwa kujenga kwa udongo, maana maskini hajengi kwa apendacho, hujenga kwa alichonacho. Lakini ukuta wa udongo ni kitu tunachokijua. Sote twajua kwamba ukuta mbichi ukinywa maji huanguka, tena mara nyingi huanguka baada ya mvua, watu wamekwisha kulala. Jambo linalojulikana na wote, lisiposemwa na yeyote, lina mwenyewe.

Wazee wa Biblia walilijua hili. Katika habari za mapigo ya Misri, mvua ya mawe ilitangazwa siku moja mbele. Na wale watumishi wa Farao waliolisikia neno waliwaingiza watu na wanyama nyumbani, wao wakaokoka. Hata katika pigo lililotumwa kwa hukumu, ilikuwapo nafasi ya kujikinga, na kujikinga hakukuhesabiwa kuwa ukaidi. Na Bwana wetu alipoambiwa habari ya mnara wa Siloamu ulioua watu kumi na wanane, hakukubali kabisa kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Alikata swali la "wao wamefanya nini?" akawageuzia walio hai.

Walio hai wana kazi nyingi, nami nitataja zile ninazozijua.

Mawe yakianza, ondokeni penye madirisha ya kioo, mkae chumba cha katikati kama kipo. Na aliye katika nyumba ya matofali mabichi iliyo na ufa, na aikimbie mapema kwenda kwa jirani mwenye nyumba imara, asingoje kuona. Jirani huyo asingoje kuombwa. Mawe yakikoma msipande juu ya paa, kwa kuwa radi bado iko, na bati lenye barafu huteleza kama sabuni. Wengi waliosalimika na mawe wamevunjika kiuno kwa kuteremka. Kwa ngazi iliyoshikwa na mtu, ondoeni barafu katika mifereji ya bati kabla maji hayajarudi ndani. Kama kuna umeme na maji yameingia darini, zimeni swichi kuu kwanza. Dari likishuka kama tumbo kwa uzito wa maji, wekeni ndoo chini, mtoboe tundu dogo, yatoke polepole. Usiku ule asilale mtu karibu na ukuta uliolowa. Narudia: asilale mtu, hata kama mvua imekwisha na nyota zimetoka.

Asubuhi, kabla ya kugusa kitu, pigeni picha za kila upande, mhesabu bati kwa bati, mwite mwenyekiti wa kijiji aone kwa macho yake. Kisha ndipo turubai. Bati lililobonyea bila kutoboka lafaa bado miaka mingi. Halihitaji kubadilishwa, ingawa uso wake umekuwa kama wa mgonjwa wa ndui. Tazameni zaidi misumari, maana kishindo huilegeza, na raba zake hupasuka, na paa huvuja mahali ambapo hakuna tundu. Kumbukeni msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde lipitishalo maji. Katika majengo ya zamani ya misheni na ya shule ziko bati za simenti yenye asbesto. Hizi mawe huzivunja vipande. Msizifagie zikiwa kavu, wala watoto wasizichezee, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu. Zilowesheni maji, mzifunge katika mifuko, mmwite mtu wa serikali anayehusika. Nyasi, ambazo wengi sasa wanazionea haya, hulipokea jiwe kama mto. Mwenye paa la nyasi nene hana haja ya kumwonea wivu mwenye bati jembamba.

Na bati jembamba ni shtaka langu la pili. Mabati huuzwa kwa geji, na kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo bati lilivyo jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Mnunuzi wa kijijini hajui kupima. Muuzaji mmoja katika mji fulani alimwuzia ndugu yangu mabati yenye muhuri wa 30. Fundi alipoyashika akacheka, akasema haya yanakunjwa kama karatasi. Mawe yalipokuja yalipita kama sindano. Muuzaji yule alikuwa analala kitandani kwake siku ile, hakuleta wingu lolote. Lakini mkitaka jibu la "nani", kwa bati zile jibu liko, lina duka na lina mizani. Na fundi apunguzaye papi chini ya bati ili abakize mbao, naye yumo.

Yuko mkosaji wa namna nyingine, ambaye ni vigumu kumtaja kwa kuwa ni mwenzetu na amepatwa kweli. Msaada ukisikika unakuja, mtu mwenye bati mbili zilizotoboka huchukua nyundo usiku, asubuhi ana bati kumi. Husema moyoni kwamba anayeibiwa ni serikali, au kanisa, au watu wa mbali wenye mali. Si kweli. Mabati yakija sitini yamekuja sitini. Zile nane za uwongo zimetoka juu ya kichwa cha mtu aishiye katika kijiji kile kile, mara nyingi yule asiyejua kusema mbele ya watu. Wazee wa kanisa wagawao msaada wamekuja kuniuliza: tumwaibishe au tunyamaze? Nami nimewajibu, mhesabu asubuhi ya kwanza, watu watatu pamoja, mwandike. Hapo nyundo ya usiku haina kazi, na mtu amezuiwa asitende dhambi ambayo angalijaribiwa kuitenda.

Hata swali la kuweka akiba limewasumbua watu. Katika usharika mmoja palisemwa kwamba kuchanga fedha mbele kwa ajili ya mawe yasiyoanguka bado ni kumwita shetani kwa jina. Lakini wakulima wa Mecklenburg, katika Ujerumani ya kaskazini, walianzisha mwaka 1797 katika mji wa Neubrandenburg chama cha kulipana hasara ya mawe, kila mmoja akitoa kidogo. Na chama kile kiliishi. Kwa kuwa mawe huanguka kwa ukanda, katika nyumba mia pengine hupigwa kumi tu. Tisini zaweza kuzibeba kumi bila kuanguka. Ile ile njia nyembamba ya mawe iliyomfanya mzee wetu ashutumiwe, ndiyo iwezeshayo jirani kumsaidia jirani. Kama mawe yangewapiga wote sawa, hakuna ambaye angekuwa na turubai la kuazima. Aliyesalimika hakusalimika kwa wema wake; basi kusalimika kwake ni deni.

Nami sasa yanipasa kuandika lile nililokuwa nikilikwepa tangu mwanzo.

Ufa wa ukuta wa bibi yule naliuona. Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati wa mavuno; nalikwenda kumsalimu, akaniletea kigoda, nikakaa nje upande wa magharibi. Ufa ulianzia penye dirisha ukashuka hata msingi, nami naliingiza kidole. Nikawaza kumwambia kijana mmoja aje na udongo na miti ya kuegemeza. Kisha bibi akaleta uji, tukaongea habari za mjukuu na ada ya shule, nikaondoka. Nalipita njia ile mara nyingi kabla ya Desemba. Ufa ule nalikuwa nao akilini kama mtu aliye na barua ya mwenzake mfukoni, kila siku akisema kesho nitampelekea.

Siku ya tatu baada ya mawe tulikusanyika kujenga. Mkono wa bibi ulikuwa umefungwa hospitalini. Nalimwambia mbele ya watu waliokuwa wakikanyaga udongo: "Bibi, ukuta huu naliuona mwezi wa Juni, sikusema." Akanitazama kwa muda. Akasema, "Na mimi naliuona, mwalimu. Nalikuwa nalala upande wake." Hakusema neno zaidi, wala hakunisamehe kwa maneno, akamwambia mjukuu alete maji.

Mchana akaja mtoto wa ng'ambo ya kijito, ana kopo la maziwa la bati. Ndani ilikuwamo misumari ya bati, kama themanini, ya zamani, iliyong'olewa mahali na kunyoshwa moja moja kwa nyundo. Mtoto akasema, "Babu amesema shikamooni." Akaliweka kopo chini, akakimbia. Watu wakaacha kazi. Mmoja akasema misumari ile isitumike, itupwe kijitoni. Mwingine akanyamaza akimtazama bibi. Fundi alikuwa juu ya ngazi, misumari yake imekwisha, na upande wa magharibi haujaezekwa, na wingu limeanza kusimama juu ya kilima.

Bibi akalichukua kopo kwa mkono wake mzima, akamimina misumari katika ungo, akaichagua. Michache iliyokuwa na kutu sana aliiweka kando. Iliyobaki akampa mjukuu, akamwambia, "Mpelekee fundi."

Ilipigwa upande wa magharibi wote. Saa kumi mvua ikanyesha, mvua ya maji tu, nasi tukaingia ndani tukasimama chini ya bati zile, watu kumi na wanne, tukitazama juu.